Tupeane uzoefu: kuuza bidhaa kwa pati za nyumbani, kuna hela au tunauza sura tu?

binti_pasiansi
Habari za leo wadau. Jana jirani kanialika kwake nikajua ni mambo ya mchezo wetu wa kuchangiana hela kila wiki, kufika nakuta sebule imejaa kina mama na dada mmoja kasimama katikati na maboksi ya vyombo, anakaanga yai kwenye kikaango cha nonstiki bila tone la mafuta, yai linateleza kama lina haraka, bibi mmoja akapiga vigelegele kabisa. Af likapita daftari, kila mtu anaandikisha jina na anachotaka, hela ya mkononi nimeona imetoka kwa mtu mmoja tu. Wakati natoka yule dada kanivuta pembeni ananiambia nina sura ya biashara, niingie na mimi, mtaji laki tatu tu. Sasa hiyo laki tatu ninayo ila ndo ya kutolea mchezo. Sitaki motisha jamani, nataka aliyewahi kuuza hivi majumbani hapa Mwanza aseme mwisho wa siku alibakiwa na nini mkononi.

DagaaKauzu
Nimeshavuta kigoda, karanga ninazo.

Mama Kulwa wa Nyegezi
We binti umenikumbusha mbali. Mi nimefanya hiyo kazi kuanzia watoto wangu wananyonya mpaka wameingia darasa la tatu, nikianza na vyombo nikahamia mashuka na mapazia, kwa hiyo nikiongea sisomi mahali. Kwanza hela ipo. Anayesema haipo hakukaa nayo. Lakini hiyo furaha unayoiona sebuleni, vigelegele, soda, watu kugombania seti ya rangi ya maziwa, hayo yote sio mauzo, ni ahadi. Mauzo yanaanza siku unapita kugonga geti moja moja na daftari lako kwapani. Hapo ndo utajua nani ni rafiki, nani anakutumia mtoto aje kusema mama kasema hayupo. Nimewahi kuambiwa hivyo huku namwona mama mtu miguu yake chini ya pazia, na pazia lenyewe ni langu, hajalilipia.

Nilitaka kuacha, dada mmoja muuguzi akanifundisha kitu. Akaniambia wewe unampa mwenyeji zawadi siku ile ile ya pati, hotpoti kubwa anaweka kabatini, sasa ana haja gani ya kukusaidia kudai? Nikabadilisha. Siku ya pati mwenyeji nampa asante na soda tu, asilimia kumi yake anaipata kwenye kile kilicholipwa. Hakijalipwa na yeye hana kitu. Ulizeni kilichotokea, wale wale waliokuwa wananikimbia wakawa wanafuatwa na jirani yao wa mlango wa pili asubuhi wanapoenda kuchota maji. Wakalipa.

SatoMkavu
Nakazia kwa mama. Mwenyeji ndo kila kitu.

JiweLaBismarck
Mimi ni mwanaume na nitaongea kwa niaba ya waume wenzangu maana humu mtasikia upande mmoja. Chumbani kwangu hakuna pa kuweka miguu, maboksi mpaka juu ya kabati. Kila nikiuliza naambiwa mzigo unatoka mwisho wa mwezi. Mwezi gani? Na zile sambusa za pati tunakaanga sisi, unga wetu, mafuta yetu, gesi yetu, af jioni naambiwa leo tumeuza sana. Hela iko wapi? Iko kwenye daftari. Basi nipikieni hilo daftari.

Mwalimu wa Zamu
@JiweLaBismarck hahahaaa pole kaka. Ila ulishawahi kununua hata kijiko kimoja kumuunga mkono?

JiweLaBismarck
Nanunua gesi mwalimu. Gesi haihesabiki?

Daftari Halidanganyi
Ngoja niweke hesabu maana watu wanaongea hela bila kutaja hela. Chukulia mzigo wa vyombo umenunua jumla laki sita. Ukiuza wote kwa bei zako unapata laki nane na arobaini, kwa hiyo faida ya juu juu ni 240,000. Watu wengi wanaishia hapo wanaenda kushona nguo. Sasa toa. Zawadi ya mwenyeji 35,000, soda na vitafunwa 40,000, bajaji kwenda na kurudi na maboksi 16,000, vocha pamoja na makato ya kutuma na kutoa hela 9,000. Hiyo laki moja imeondoka, umebaki na 140,000. Bado hujajilipa wewe mwenyewe hata shilingi. Sasa watu wawili watatu wenye jumla ya laki mbili wakikupiga chenga, hauko kwenye faida tena, uko kwenye hasara ya elfu sitini na unaonekana mtaani ni mfanyabiashara mkubwa. Kwa hiyo swali sio pati inalipa au hailipi, swali ni kati ya kila shilingi uliyoandika kwenye daftari inarudi ngapi na inarudi lini. Kama mzigo wa pili unaununua kwa mkopo kwa sababu hela ya mzigo wa kwanza imelala kwa watu, simama.

binti_pasiansi
Asante sana kaka, hii nimeinakili kwenye karatasi. Mimi hata hiyo ya soda sikuiwaza.

Fursa_Kamili
Tatizo la Watanzania ni mtazamo. Mnahesabu soda wakati wenzenu wanahesabu watu. Kwenye mfumo wetu huuzi sana, unajenga timu, ukiwa na watu sita chini yako na wao wana sita sita wewe unalala hela inaingia. binti_pasiansi njoo inboksi nikuelekeze, usisikilize waliokata tamaa.

Mkulima wa Pamba
Ndo hao wameshafika.

Kapteni Mstaafu
@Fursa_Kamili sita mara sita ni thelathini na sita, mara sita 216, mara sita 1,296, ukienda hivyo hatua chache tu mkoa mzima wa Mwanza umekwisha na ng'ombe wa Kwimba tumewaandikisha. Nani sasa atanunua? Mwaka 2009 nchi hii watu walilia na DECI, ule upatu wa kupanda mbegu na kuvuna hela, na wao walikuwa na maneno matamu hivi hivi. Ukiona hela inatokana na kiingilio cha mwenzako sio na sufuria aliyonunua, hiyo haina uhusiano na biashara.

Fursa_Kamili
Usilinganishe vitu usivyovijua mzee. Sisi tuna bidhaa.

Kapteni Mstaafu
Bidhaa gani, taja na bei yake hapa.

Fursa_Kamili
Inboksi.

DagaaKauzu
Inboksi ndo jina la bidhaa 😂😂

Msoma Vitabu
Kwa wanaopenda kujua hii kitu imetoka wapi. Wenyewe walioipa umaarufu duniani ni Tupperware ya Marekani. Yale makopo yalianza kuuzwa madukani miaka ya 1940 na hayakutoka, kwa sababu kile kifuniko chake kilitaka ukibane af ukitoe hewa, mtu dukani anaangalia haelewi kina maajabu gani. Mama mmoja anaitwa Brownie Wise ndo alikuwa anakusanya wenzake majumbani anawaonyesha, anauza kuliko maduka. Mwaka 1951 kampuni ikaondoa bidhaa madukani kabisa ikabaki na pati tu, na yeye akapewa kuongoza. Mwaka 1954 akawa mwanamke wa kwanza kutokea jalada la mbele la jarida la Business Week. Mwaka 1958 wakamfukuza, na hakuwa na hisa hata moja. Na Septemba 2024 kampuni yenyewe ikaenda mahakamani kuomba kinga ya kufilisika.

SatoMkavu
Sisi tuko Igoma wewe umetupeleka Florida.

Mwalimu wa Zamu
Hapana, mwacheni, kuna kitu hapo. Kifuniko kilihitaji kuonyeshwa. Pati inafaa kwa kitu ambacho mtu asipokiona kinafanya kazi hawezi kukinunua. Kikaango kisichoshika, sawa. Mashine ya kusagia, sawa. Shuka alishike aone halichuji, sawa. Ila kuna watu wanaitisha pati wanauza ndoo na mabeseni, jamani beseni linaonyeshwa nini? Mtu anashuka zake Makoroboi anachagua rangi anapata kwa bei ya jumla na anarudi na chenji.

Msoma Vitabu
Asante mwalimu, angalau mmoja kasoma.

Kapteni Mstaafu
Mi nimeishia kwa yule mama aliyeuza kuliko maduka af akatolewa hana hisa. Fursa_Kamili unaisoma hiyo?

MC Nyamizi
Sikutaka kuandika ila huu uzi umenitonesha. Mimi kazi yangu ni kusherehesha, kicheni pati, sendofu, ubarikio, mnanijua wengine. Pembeni nilikuwa nauza vyombo. Kuna mteja wangu mmoja yuko Ukerewe, mke wa tajiri wa mitumbwi, mwanamke ana maneno matamu huyo, akaniita Nansio nikaenda na mzigo kwa meli, tukafanya pati kwake, uani, watu wamejaa. Yeye mwenyewe akachukua seti mbili za hotpoti za maua, seti ya sufuria na birika, jumla 380,000, akanambia MC wangu nitakutumia kwenye M-Pesa giza likiingia.

Waliokaa visiwani wanaelewa. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza, mwezi ukiwa mkubwa taa hazivuti kitu, mitumbwi inapumzika na hela inapumzika. Nikasubiri giza. Giza likaja likapita. Likaja lingine. Simu inaita haipokelewi, mara haipatikani, mara anapokea mtoto. Nikapanda mpaka kule kupitia Kisorya, nikavuka Rugezi, kufika naambiwa kaenda Musoma kwenye msiba. Nikarudi na vumbi langu.

Sasa nikapata kazi ya kicheni pati ukumbi mmoja huku Nyakato. Kazi ya kawaida. Imefika zamu ya shangazi kutoa zawadi, mimi ndo nimeshika maiki, naita kwa mbwembwe, shangazi upande wa mama mzaa chema tunamkaribisha, muziki ukapigwa. Anaingia anacheza, kichwani kabeba boksi, nyuma watu wanne wamebeba. Wanafungua. Hotpoti za maua. Seti mbili. Sufuria. Birika.

Naja, mteja kapiga simu.

DagaaKauzu
WEWE RUDI HAPA

Mama Kulwa wa Nyegezi
Mungu wangu. Yeye ndo shangazi??

JiweLaBismarck
Huyu hawezi kutuacha hivi. MC rudisha maiki.

Mkulima wa Pamba
Wakati tunamsubiri, mimi wa Sengerema niongezee kidogo. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwezi wa sita 2025, wauzaji wa mjini wanatujia kila wikiendi maana zamani ukifikiria foleni ya kivuko na maboksi unaghairi. Wanachokosea ni msimu. Wanakuja mwezi wa pili wa tatu, mtu shambani anapalilia, hana kitu, anaandikisha jina kwa aibu tu asionekane maskini mbele ya jirani. Njooni pamba ikishauzwa, kuanzia mwezi wa sita wa saba hivi, mtalipwa hapo hapo na chai mtapewa.

Daftari Halidanganyi
Point kubwa sana hii. Walimu na manesi wafuate baada ya mshahara, mkulima baada ya kuuza, mvuvi wa dagaa kwenye giza. Tarehe ya pati inachaguliwa na mfuko wa mteja.

Bi Mkora
Mi ushauri wangu ni mfupi, USIKOPESHE. Pesa mkononi, chombo mkononi. Basi.

Mama Kulwa wa Nyegezi
Usipokopesha kwa pati za nyumbani hapa Mwanza utauza vijiko. Watu wanakuja pale kwa sababu ya mali kauli, mwenye taslimu anaenda dukani. Cha kufanya ni kuchukua nusu kwanza, na nusu inayobaki isivuke mwezi mmoja. Na daftari liwe na sahihi.

Bi Mkora
Ndo maana ulimwona mtu miguu chini ya pazia lako.

Mama Kulwa wa Nyegezi
Na ndo maana nina kiwanja Mkolani, wewe una vijiko vyako.

Bi Mkora
Usianze kunitukania mambo ya viwanja, hunijui.

SatoMkavu
Kina mama taratibu, MC hajamaliza.

binti_pasiansi
Na krimu na losheni je? Maana yule dada kaniambia vyombo vikikwama nihamie vipodozi, vinaisha haraka mtu anarudi kununua.

Nesi wa Kirumba
Hapo kwenye kuisha na kurudi ni kweli kabisa, hotpoti mtu ananunua moja miaka kumi, sabuni inaisha mwezi. Lakini angalia alama ya TBS, lile shirika la viwango, vipodozi viko chini yao tangu 2019. Mikorogo yenye zebaki na haidrokwinoni imepigwa marufuku, usidanganywe na kopo zuri. Wanakuja wodini kwetu wameungua nyuso, na aliyewauzia mara nyingi ni shoga yao wa kwenye pati. Sa utamtazamaje mtu hapo?

Fursa_Kamili
Za kwetu ni za asili kabisa.

DagaaKauzu
Inboksi imeongea.

MC Nyamizi
Nimerudi. Samahani wapendwa.

Basi pale mbele nilikuwa na njia mbili, kulia au kufanya kazi. Ukumbi umejaa, bibi harusi mtarajiwa anafuta machozi ya furaha, shangazi naye kaniona, mguu wa kucheza ukakosa mdundo kidogo af akaendelea, uso mkavu kabisa. Nikanyanyua maiki nikasema kwa furaha zote, jamani makofi kwa shangazi, huyu mama ana upendo wa ajabu, ametoa zawadi ambayo hata mwenye duka anasubiri baraka zake. Ukumbi ukacheka, wakajua ni utani wa MC. Nikaendelea, shangazi sogea, tuambie ulivipata wapi vyombo vizuri hivi na sisi tukanunue. Kimya. Nikasema basi nitawasaidia, namjua anayeviuza, namba yake ni hii, nikataja namba yangu mwenyewe kwenye spika. Kina mama wakaandika.

Dada mkubwa wa bibi harusi hakuwa mjinga. Alinifuata jikoni akaniuliza, MC, ni utani? Nikamwambia 380,000. Sikuongeza neno.

Kesho yake nusu iliingia kwenye simu. Nusu nyingine akaniambia mzee kagoma kutoa hela ila kuna dagaa, magunia yakaja na meli mpaka kwa mdogo wangu Mwaloni pale Kirumba. Tukayauza. Na niwaambie kitu, ile dagaa ilitoa zaidi ya deni lililobaki. Na kwa ile namba niliyotaja kwenye spika nilipata pati tatu, hela mkononi.

Mwalimu wa Zamu
Sijawahi kusoma kitu kama hiki. "Hata mwenye duka anasubiri baraka zake" 😂😂😂

Bi Mkora
Mimi nalaumu. Siku ya mtoto wa watu unaleta madeni yako? Ungesubiri nje.

JiweLaBismarck
Asubiri nje mpaka giza lipi tena? Alimfuata mpaka Rugezi dada wa watu.

Bi Mkora
Heshima ya shughuli ni heshima ya shughuli.

Mama Kulwa wa Nyegezi
Leo nakubaliana na Bi Mkora, kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Bibi harusi angeelewa lile fumbo kila akipakua wali angekumbuka.

MC Nyamizi
Sikumtaja jina mtu. Nilitaja namba yangu.

Mkulima wa Pamba
Tuachane na hotpoti, hiyo dagaa uliuza gunia bei gani? Na wanakubali kubadilishana na sufuria?

SatoMkavu
Na mimi niko hapo hapo. Kumbe biashara ni dagaa, hotpoti ni chambo.

Daftari Halidanganyi
Kabla hamjakimbilia visiwani toeni na nauli ya meli, wapagazi, ushuru, na dagaa ikinyeshewa njiani ni chakula cha kuku. Nawajua nyie.

binti_pasiansi
Jamani nimeelewa mengi. Mchezo naenda kutoa kama kawaida. Ila nitamwuliza yule dada kama naweza kuwa mwenyeji tu, kwa ile asilimia ya Mama Kulwa, baada ya watu kulipa. Mtaji wangu iwe sebule na majirani.

Mama Kulwa wa Nyegezi
Akikukubalia niambie, maana wa kwangu hapo Pasiansi amehama. Nina mashuka mapya.

Bi Mkora
Ameanza kuuza na humu.

hotpoti_ya_maua
Habari zenu, mimi ndo bibi harusi wa ile kicheni pati ya Nyakato. Ile hotpoti ya kati kifuniko kimelegea. Nabadilishiwa na nani, shangazi au MC?

DagaaKauzu
Haaaaa! Akaunti imefunguliwa leo.

MC Nyamizi
@hotpoti_ya_maua birika lilikuwa rangi gani?

hotpoti_ya_maua
Jekundu.

MC Nyamizi
Tapeli wewe. Fursa_Kamili, toka humo.